Jina lililokosewa sura ya saba ndilo lililomnasa aliyeiba hadithi yangu. Tuzungumze hakimiliki ya mtandaoni

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu. Ila yeyote anayeweka mtandaoni kitu alichokitoa kichwani mwake, iwe picha, wimbo, hadithi au programu, naomba asome mpaka chini, maana suala hili limenila miezi minne na mengi niliyojifunza nilipaswa kuyajua mapema.

Naandika hadithi za mfululizo. Kila wiki sura moja, naipandisha kwenye ukurasa wangu, watu wanasoma bure. Hadithi ninayoizungumzia ina sura 33. Mhusika mkuu anaitwa Mwanaheri. Usiku nilioandika sura ya saba usingizi ulikuwa umenielemea, katikati ya sura nikamwita Mwanahawa mara mbili, kisha nikarudi kwa Mwanaheri bila kujua. Wasomaji wakaniambia. Nikasema nitarekebisha, sikurekebisha.

Siku moja msomaji akanitumia linki ya chaneli ya hadithi za sauti, yenye wafuasi wengi kunizidi mbali. Nikaweka sikio. Sentensi ya kwanza ni yangu. Ya pili ni yangu. Jina langu halitajwi popote, na mwanzoni msimulizi anasema hadithi ameitunga yeye kwa ajili ya wasikilizaji wake. Majina yamebadilishwa yote, Mwanaheri sasa ni Salma. Nikaona huyu kajipanga, nitamthibitishaje? Mkono ukaenda wenyewe kwenye sura ya saba. Salma akafanya hili, Salma akafanya lile, halafu sauti ileile tulivu ikasema: "Mwanahawa akainuka akafunga mlango."

Nilirudisha nyuma nikasikiliza mara nne. Alikuwa amenakili maandishi yangu kwenye faili, akaagiza kompyuta ibadilishe "Mwanaheri" kuwa "Salma" kwa mkupuo mmoja. Mwanahawa hakuwa kwenye hesabu zake.

Sasa niwape niliyojifunza.

Kwanza niliamini sina haki kwa sababu sikuwahi kusajili popote wala kuweka ile alama ya herufi C kwenye duara. Hiyo si kweli, na nasikitika ni watu wangapi wanaacha kudai chao kwa imani hiyo. Hakimiliki huzaliwa siku ileile kazi inapotoka kichwani ikakaa kwenye karatasi, faili au kanda. Msingi wake ni Mkataba wa kimataifa wa Berne wa mwaka 1886, na marekebisho ya Berlin ya 1908 ndiyo yaliyosema wazi kuwa ulinzi usitegemee sharti lolote la kiofisi. Leo nchi zaidi ya 180 zimo. Ile habari ya alama imetoka wapi? Marekani ilijiunga na Berne mwaka 1989 tu, na kabla ya hapo kazi iliyotolewa kule bila tangazo la haki iliweza kupoteza ulinzi. Sheria ikabadilika, mazoea yakabaki. Usajili bado una faida kubwa mbele ya mahakama, na kule Marekani kazi iliyotolewa humohumo nchini haifunguliwi kesi kabla ya kusajiliwa, lakini haki yenyewe haitoki kwenye cheti.

La pili ndilo lililonigusa zaidi. Kuthibitisha kwamba mtu amenakili ni kitu kimoja, na kuthibitisha kwamba alichonakili ni mali yako kisheria ni kitu kingine. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya kitabu cha namba za simu. Kampuni ya simu ya Kansas, Rural, ilikuwa imepenyeza majina ya uongo kwenye orodha yake ili kuwanasa wanakili. Wachapishaji Feist wakachukua orodha, na ndani yake yakakutwa majina manne ya uongo, mtego umenasa kabisa. Na Rural wakashindwa! Mahakama ilisema majina na namba zilizopangwa kwa alfabeti ni taarifa tupu, hazina ubunifu hata chembe, na jasho la kuzikusanya peke yake halizai hakimiliki.

Niliposoma hiyo nilishtuka, maana Mwanahawa wangu ni mtego uleule, tofauti ni kwamba sikuutega. Kilichoniokoa ni kwamba yule bwana hakuchukua taarifa, alichukua maneno yangu, mpangilio wangu, hata pale ninapokata sentensi. Angebeba wazo tu, mke wa baharia anayeendelea kupokea barua za mtu aliyekwisha kufa, akaliandika kwa maneno yake, nisingekuwa na la kusema. Mawazo ni ya wote, na ni vizuri yawe hivyo, vinginevyo hakuna ambaye angeweza kuandika chochote.

La tatu ni namna ya kudai. Ombi langu la kwanza kwa jukwaa niliandika kwa hasira, mistari miwili, "nimeibiwa, ondoeni". Likarudi na jibu la mashine kwamba taarifa hazijatimia. Majukwaa mengi makubwa yanafuata utaratibu uliowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iitwayo DMCA: jukwaa halibebeshwi kosa la mtumiaji wake ilimradi likipewa taarifa kamili liondoe kazi hiyo haraka. Neno la kushika hapo ni "kamili". Unataja kazi yako na mahali ilipo, unatoa linki ya kila nakala inayolalamikiwa moja moja, si ya chaneli nzima, unaweka mawasiliano na saini, unatamka kwamba kwa imani yako njema matumizi yale hayana ruhusa, na kwamba wewe ndiye mwenye haki au umetumwa naye, ukijua uongo hapo una adhabu.

Mara ya pili nilikaa siku mbili. Sauti zilikuwa 29, nikaweka linki 29. Pembeni ya kila moja nikaandika dakika na sekunde, na aya yangu inayolingana nayo. Zikaondolewa siku ya tatu.

Kisha bwana akawasilisha taarifa ya kupinga. Anadai hadithi ni ya kale, ya mapokeo, haina mwenyewe. Kwa utaratibu huo nikikaa kimya, kati ya siku ya 10 na ya 14 za kazi jukwaa linazirudisha, isipokuwa nifungue kesi. Leo ni siku ya sita. Nimemwandikia mwenyewe moja kwa moja, nimemkatia kipande cha sekunde nane chenye jina Mwanahawa, na picha ya faili zangu za rasimu na tarehe zake. Nasubiri.

Wenye uzoefu, karibuni.

#2 mpigapicha

Dada pole sana. Mimi picha zangu zimezunguka mpaka nimechoka kuhesabu. Ndani ya faili naweka jina langu, tarehe na masharti ya matumizi, lakini picha ikipita kwenye mitandao miwili mitatu taarifa zote zimefutika, na alama niliyoweka pembeni wanaikata. Nikimfuata mtu ananijibu "nimeitoa Google". Mwingine ananiambia, "si nimekutaja jina hapo chini, unataka nini tena?" Je, akinitaja inatosha?

#3 Mleta uzi

Kaka, haitoshi. Anayekutaja bila kukuomba ametimiza nusu ya wajibu na kuacha ile nusu inayokulisha.

Haki za mtunzi ni za namna mbili. Kuna za kiuchumi: kunakili, kusambaza, kutafsiri, kugeuza kazi kuwa umbo jingine, kuitangaza kwa umma. Hizo unaweza kuziuza au kuzikodisha kwa leseni. Kuna haki za kimaadili, ambazo ziliingia kwenye Mkataba wa Berne katika marekebisho ya Roma mwaka 1928: kutambuliwa kuwa wewe ndiye mtunzi, na kupinga kazi yako isiharibiwe kwa namna inayokuvunjia heshima. Kukutaja jina kunagusa hili la pili. Ruhusa ni la kwanza, na ruhusa huombwa kabla.

Kuhusu taarifa zilizofutika ndani ya faili, hilo watu wachache wanalijua. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, wa mwaka 1996, ulioandikwa mahsusi kwa sababu ya intaneti, unazitaka nchi wanachama kuweka adhabu kwa anayeondoa kwa makusudi taarifa za umiliki kwenye kazi ili kuficha ukiukaji. Ile alama yako aliyeikata makusudi kaongeza kosa la pili. Tunza faili ghafi kama mboni ya jicho, na zile picha za mfuatano ulizopiga kabla na baada ya picha iliyoibwa. Mwizi ana picha moja, wewe una 12 za dakika ileile. Sijui ushahidi mzuri kuliko huo.

Na "Google" si mwenye picha. Ni kama kusema kitabu umekitoa kwenye dirisha la duka.

#4 msomajihuru

Kwa heshima zote dada, naomba nipingane nawe kidogo, na nasema kwa nia njema. Hadithi ulikuwa unaitoa bure. Bwana kaisoma kwa sauti, imewafikia watu ambao wewe usingewafikia. Kitabu kikiibwa dukani kitabu kimepungua, faili likinakiliwa lako bado unalo. Umepoteza nini hasa?

Na jingine. Hizi sheria tunazishangilia, lakini nani amezitunga zikawa hivi? Sheria ya kwanza ya namna hii, ya Malkia Anne kule Uingereza mwaka 1710, ilimpa mwandishi miaka 14, na mingine 14 kama bado yu hai. Basi. Leo ni maisha yote na miaka 50 baada ya kifo kwa kiwango cha chini, na Marekani na Ulaya ni 70. Maiti anahitaji motisha gani ya kuandika? Mwaka 1998 Marekani waliongeza miaka 20 kwa mkupuo, na walioshangilia ni makampuni yenye maghala ya kazi za zamani. Wewe unapigania sura 33, ila fimbo uliyoshika imechongwa kwa ajili yao.

#5 Mleta uzi

Nakushukuru, na nitakujibu kwa uzito uleule.

Kuhusu miaka nakubaliana nawe. Sioni sababu ya kazi kufungwa miaka 70 baada ya mtunzi kuzikwa, hasa kazi ambazo mwenye haki hajulikani hata alipo, zinaozea maghalani kwa sababu hakuna wa kutoa ruhusa na hakuna anayethubutu kuzigusa. Katuni ya panya wa Disney ya mwaka 1928 imeingia kwenye milki ya umma kule Marekani Januari 2024. Miaka 95! Hapo sikupingi hata neno.

Nitakuongezea la kwako mwenyewe. Mwaka 2009 Amazon walifuta vitabu ndani ya vifaa vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyewauzia hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini watu waliamka wakakuta rafu zao zina pengo. Kitabu cha karatasi ukishakinunua unakisoma, unakiazima, unakiuza. Faili, mara nyingi umenunua ruhusa tu, na ruhusa ina masharti. Kwa hiyo sisemi sheria ilivyo leo ni nzuri kwa kila mtu.

Ila hilo la "umepoteza nini" siwezi kuliacha lipite. Bure yangu ilikuwa bure ya kusoma. Niliitoa kwa sababu msomaji wa bure leo ananijua jina, na kesho nikitoa kitabu atakuja. Yule bwana alichukua jina. Matangazo kwenye chaneli yake yanamlipa yeye. Na baya kuliko yote, kuna mtu aliniandikia akiniambia mimi ndiye niliyenakili hadithi ya chaneli ile. Umeona? Mimi ndiye niliyegeuka mwizi wa kazi yangu. Faili halikupungua, nilipungua mimi.

Anayetaka kugawa kwa wote ana njia halali. Leseni za Creative Commons zipo tangu 2002. Unachagua: chukua ila nitaje, chukua ila usifanyie biashara, chukua ila usibadilishe. Na zinasimama juu ya hakimiliki hiyohiyo. Usingekuwa mwenye kazi, usingeweza kuweka hata sharti la kutajwa.

#6 fundimidundo

Nakazia hapo kwenye ruhusa. Mimi hakuna aliyeniibia. Nilisaini mwenyewe. Nilikuwa na haraka, mkataba ukaja kwenye simu, kurasa kumi na kitu za herufi ndogo, nikabonyeza "nakubali". Baadaye wimbo umekuwa mkubwa, nauliza mrabaha wangu, naonyeshwa mstari: nimehamisha haki zote, duniani kote, kwa muda wote wa hakimiliki, kwa malipo ya mara moja. Nilidhani nimewapa leseni ya wimbo mmoja. Mdundo wangu sasa hata mimi sina ruhusa ya kuutumia.

Vijana, leseni na uhamisho ni vitu viwili. Leseni umepangisha chumba, uhamisho umeuza nyumba na kiwanja chake. Tafuteni hilo neno kabla ya kubonyeza. Na mkiandika wimbo watu watatu, gawaneni asilimia siku hiyohiyo mkiwa bado mnapendana, muweke kwenye maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu ambao wote watatu mmejibu "sawa".

#7 Mleta uzi

Fundi, umenikumbusha habari ya Solomon Linda, na naomba niisimulie kwa sababu inaonyesha sheria inaweza kufanya nini ikipata mtu wa kuisoma.

Mwaka 1939 Linda na kikundi chake walirekodi "Mbube" Johannesburg. Haki ziliuzwa kwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa maneno na jina, ukaimbwa dunia nzima, ukaingia kwenye filamu. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Karatasi ya mauzo ilikuwepo, kila mtu akaona mambo yamekwisha. Mpaka wanasheria walipofunua sheria ya zamani ya himaya ya Uingereza, ya mwaka 1911, wakakuta kifungu kinachosema haki alizozihamisha mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. 1962 ongeza 25, ni 1987. Familia ilifungua kesi dhidi ya Disney mwaka 2004, na mwaka 2006 yakafikiwa makubaliano, mabinti wakaanza kupata sehemu ya mapato.

Kifungu kimoja, kimelala kwenye kitabu miaka yote ile. Ndiyo maana nasema tusome.

Kwako Fundi, sheria za Marekani nazo zina kitu cha aina hiyo: mtunzi aliyehamisha haki tangu 1978 anaweza kuzidai tena baada ya miaka 35, kwa taarifa rasmi, isipokuwa kazi iliyofanywa kwa ajira. Nchi nyingine hazina. Angalia mkataba wako unasema unaongozwa na sheria za wapi, ni mstari mmoja karibu na mwisho.

#8 mpigapicha

Swali jepesi: hawa wa akili mnemba wanaonyonya picha zetu kufundishia mashine, sheria inasemaje? Na picha iliyotengenezwa na mashine ni ya nani?

#9 Mleta uzi

La pili lina jibu lililosimama, angalau Marekani: mahakama mwaka 2023, na ile ya rufaa mwaka 2025, zimesema kazi iliyotengenezwa na mashine peke yake bila mkono wa binadamu haina hakimiliki, kwa sababu sheria inamtaka mtunzi awe mtu. Tayari walikwisha kuamua hivyohivyo kwa wanyama, kwenye ile kesi ya nyani aliyejipiga picha. Binadamu akiweka ubunifu wake juu ya kilichotolewa na mashine, sehemu yake inalindwa.

La kwanza bado linapiganiwa. Gazeti la New York Times liliwashtaki OpenAI, watengenezaji wa ChatGPT, na Microsoft Desemba 2023. Juni 2025 jaji mmoja wa San Francisco, kwenye kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic, kampuni nyingine ya akili mnemba, alisema kufundisha mashine kwa vitabu vilivyonunuliwa kihalali ni matumizi yanayokubalika, lakini kujiwekea maktaba ya nakala za wizi hapana. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5. Siku chache tu baada ya uamuzi ule wa Juni, jaji mwingine wa mahakama hiyohiyo aliandika kwa mtazamo tofauti. Kwa hiyo atakayekwambia sheria imekwisha kuamua, upande wowote, mwulize ni mahakama ipi.

#10 msikilizaji

Habari zenu. Mimi sioni. Simu yangu ndiyo inanisomea uzi huu.

Dada, nilikuwa msikilizaji wa chaneli ile. Hadithi yako nimeisikia mpaka sura ya 29, nikiamini ni ya yule bwana. Siku sauti zile zilipotoweka nilikasirika sana, na leo ndiyo nimejua sababu. Pole kwa uliyofanyiwa, ni dhuluma.

Lakini nikwambie na upande wangu. Ukurasa wako niliujaribu leo baada ya kusoma hapa. Sura zako umezipandisha kama picha za kurasa. Simu yangu inasema "picha, picha, picha". Haisomi hata neno moja. Mwizi alinifungulia mlango, na mwenye hadithi ameufunga, bila shaka bila kujua.

Wasioona tumeishi na hakimiliki kama ukuta miaka mingi. Kubadilisha kitabu kuwa cha nukta nundu au cha sauti ilihitaji ruhusa, na kukivusha mpaka nchi nyingine ilihitaji nyingine. Ndiyo maana Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2016, kwetu ni jambo kubwa: unazitaka nchi zilizojiunga ziruhusu nakala hizo zitengenezwe bila kuomba, na taasisi zinazotuhudumia ziweze kubadilishana hata nje ya mipaka. Bwana yule hahusiki na ruhusa hiyo, alikuwa anafanya biashara na watu wote na kafuta jina lako. Nakuunga mkono. Ila sura ya 30 sijui ilikuwaje.

#11 Mleta uzi

Ndugu yangu, nimesoma ujumbe wako nikakaa kimya muda mrefu.

Zile picha za kurasa nilifanya makusudi baada ya wizi. Nilidhani nikiweka picha badala ya maandishi hawataweza kunakili. Sikufikiria hata mara moja kwamba kuna mtu ambaye maandishi ndiyo macho yake. Nisamehe. Usiku huu narudisha maandishi ya kawaida kwenye sura zote.

#12 msomajihuru

Ndugu msikilizaji amesema nilichokuwa nataka kusema, kwa namna bora kuliko yangu. Kufuli linalomzuia mwizi huwa linamzuia na mwingine. Makampuni yanafanya hilo kila siku na mafaili yaliyofungwa kwa programu, na DMCA, sheria ileile ya majukwaa ya 1998, imefanya kuvunja kufuli hilo kuwa kosa lenyewe, hata kama ulichotaka nyuma yake ni halali, isipokuwa kwa yale wanayoyaruhusu kila baada ya miaka mitatu.

Dada, kwa hadithi yako nakubali nilikosea. Jina ni lako.

#13 Mleta uzi

Mrejesho, wakuu. Siku ya tisa ya kazi bwana ameondoa taarifa yake ya kupinga. Hakuomba radhi, hakunijibu barua yangu, lakini jukwaa limenithibitishia kwamba sauti 29 hazirudi. Sikulazimika kufungua kesi, na nakiri gharama yake ningeitoa wapi sijui. Hapo sheria bado ina deni kwa wadogo. Mwenye katalogi kubwa anapewa mfumo unaomtafutia nakala mtandao mzima usiku na mchana, YouTube wanao tangu 2007. Mimi nilipewa fomu, na masikio yangu.

Ndugu msikilizaji, maandishi yamerudi, jaribu simu yako. Na nimeanza kusoma mwenyewe kwa sauti, naanza na ya 30 mpaka 33 ili usisubiri, kisha nitarudi mwanzo. Sauti yangu si ya redio, na kuna mahali mlango unagonga nyuma, utavumilia.

Sura ya saba nimeirekodi jana usiku. Mwanaheri ni Mwanaheri mwanzo mpaka mwisho. Faili la zamani, lenye Mwanahawa mara mbili, nimelihifadhi pembeni na tarehe yake.